Mwendo wa Saa Nne na Nusu

Devaki Khatiwada hajapanda ndege hata mara moja, lakini ukitaka kujua ndege inachukua muda gani kutoka Kathmandu kwenda kokote vijana wetu wanakokwenda kuvuja jasho, usihangaike na wale wenye kompyuta. Muulize yeye. Utamkuta Sinamangal, nje ya uwanja wa ndege, upande wa wanaoondoka, ameketi juu ya gunia, sindano mkononi, anatunga makoja ya maua ya rangi ya chungwa. Kila kijana anayeondoka huvishwa koja na mama yake, na mkewe, na dada zake, mpaka shingo haionekani. Kabla ya kuvishwa humuuliza Devaki swali lile lile, kama ni mbali.

"Dubai masaa manne," hujibu bila kuinua kichwa. "Kuala Lumpur matano kasoro. Doha manne na nusu, kilomita elfu tatu mia tatu na kitu. Mimi kwenda kwa mama yangu Ramechhap nilikuwa natembea siku tatu. Kwa hiyo wewe unakwenda karibu kuliko kwa mama yangu. Futa machozi."

Hapo watu hucheka, na koja huvaliwa kwa moyo mwepesi. Kisha Devaki naye huuliza swali lake, na hilo halichekeshi: umetoka nyumbani siku gani, na saa ngapi, na saa hiyo alikupa nani. Sisi hatuvuki kizingiti kwa safari ndefu mpaka mnajimu afungue kalenda yake na kutupa saa njema. Ukimjibu vizuri, Devaki huitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi. Ukimwambia kwamba uliondoka tu, siku iliyotokea, hapigi kelele wala hakemi. Hupiga kidoko kwa ulimi, mara moja tu. Mlio huo umewahi kumliza mwanamume mzima mwenye ndevu.

"Dada, wewe unauza maua au unauza hofu?" humwambia Harkamaya, jirani yake wa gunia la pili, mwanamke wa Kitamang mwenye ulimi usio na likizo.

"Nauza maua. Hofu wanakuja nayo wenyewe."

Anasema hivyo, lakini hofu ni yake. Miaka kumi iliyopita mumewe, Tilak, alipangiwa kuvuka kizingiti saa mbili kamili asubuhi. Mtindi wa kumlambisha msafiri kwa baraka kabla hajatoka ulikuwa umesahauliwa kwa shangazi, Devaki akakimbia kuufuata, na shangazi alikuwa na maneno mengi kama kawaida yake. Aliporudi, Tilak alikuwa ameketi mlangoni na begi mapajani, anamngoja huku akitabasamu. Akatoka saa mbili na dakika ishirini. Baada ya miezi kumi na moja alirudi kutoka Doha ndani ya sanduku, kupitia lango la mizigo, na karatasi iliyosema moyo umesimama. Devaki hakuhitaji karatasi. Yeye alijua sababu, nayo ilikuwa dakika ishirini.

Hakumwambia mtu. Mwanawe Lokendra alipotimiza miaka ishirini na miwili na kutaka kwenda huko huko, Devaki alilia wiki nzima, kisha akanyamaza na kwenda kwa mnajimu. Siku ya safari alimsimamisha kijana nyuma ya mlango nusu saa kabla ya wakati, begi mgongoni, mtindi ukiwa tayari, na yeye mwenyewe akisimama mbele ya saa ya ukutani kama askari wa zamu. Lokendra akavuka kizingiti kwenye dakika ile ile. Miaka mitatu alikaa huko akiwa mzima, na mama mtu akajipongeza moyoni.

Sasa Lokendra alikuwa anarudi. Jumatano ya mwezi wa Chaitra, wakati misitu inapoungua milimani na moshi unafunika mji mpaka jua linaonekana kama sahani nyekundu. Devaki alikwenda tena kwa mnajimu, akapewa saa njema ya kuanza safari: kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa nne asubuhi. Akampigia mwanawe, na kijana, ambaye anamjua mama yake, akatafuta ndege inayoondoka saa tatu na dakika arobaini. Akampata mwenye tiketi ya siku hiyo, wakabadilishana. Atatoka nje ya uwanja jioni, alisema. Devaki akaona ni sawa, foleni ya mizigo ya huku sote tunaijua.

Asubuhi ya Jumatano, ilipofika saa tatu na dakika arobaini, aliwasha taa ya samli kando ya gunia lake, akafumba macho, akamwona mwanawe akipaa. Roho yake ikatulia. Akatunga koja refu kuliko yote, maua mia na nane, akalifunika kwa kitambaa chenye maji.

Saa sita na dakika ishirini mchana simu ikalia. Ilikuwa namba ya Lokendra.

"Mama, ndio tunaondoka. Nimeshafunga mkanda."

Devaki alidhani masikio yake yana maua. "Unaondoka wapi? Si uko angani?"

"Angani kivipi? Ni saa tatu na nusu na ushee hapa. Dakika tano hivi tunapaa. Si saa yako uliyonipa?"

"Saa tatu gani, Lokendra? Hapa ni saa sita na dakika ishirini."

"Ndiyo, Mama. Huku tuko nyuma yenu masaa matatu kasoro robo. Umesahau? Kila siku unaniuliza kama nimekula mchana, na mimi bado nakunywa chai ya asubuhi."

Hakusahau. Alijua, kama wote wanaokaa pale Sinamangal wanavyojua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukumbuka unapohesabu saa ya mwanao ni kingine. Mnajimu alisema saa tatu na nusu, yeye akasema saa tatu na nusu, mtoto akasikia saa tatu na nusu, na hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyeuliza ni ya wapi.

"Shuka," alisema.

"Nini?"

"Shuka kwenye hiyo ndege. Sema unaumwa tumbo."

"Mama, mlango umefungwa. Dada wa ndege ananitolea macho nizime simu. Tutaonana jioni. Niandalie dengu." Na simu ikakatika.

Jumatano, kuanzia saa sita mchana mpaka saa saba na nusu, ni muda wa Rahu, yule pepo anayemeza jua. Huku kwetu hata mwenye duka hafungui mzigo mpya wakati huo. Devaki alitazama simu, akatazama ile taa ya samli aliyowashia safari ambayo haikuwapo, na kijasho chembamba kikamtoka. Sindano ikamchoma kidole.

"Umekuwa na rangi ya majivu, dada," alisema Harkamaya. "Kuna nini?"

Devaki akamweleza. Harkamaya alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Mpigie mnajimu basi. Yeye ndiye mwenye saa zake."

Mnajimu alipokea simu akiwa anakula. "Mimi nilikupa saa ya hapa," alisema. "Kalenda yangu imepigwa hesabu kwa jua la Kathmandu. Jua la jangwani hukuniuliza."

"Sasa ninakuuliza, Pandit. Aliyeondoka kule saa tatu, na hapa ni saa sita, ameondoka saa ipi?"

Mzee alimeza tonge lake. "Baba yangu alikuwa anapangia saa watu wa kwenda Banepa, hapo jirani," alisema mwishowe. "Ukitoka hapa na ukifika kule, jua ni lile lile. Hili lako, mama, sijui. Omba tu." Akakata.

Hilo "sijui" lilimwogopesha Devaki kuliko kama angeambiwa kwamba mambo yameharibika. Alihesabu kwa vidole: saa sita na dakika ishirini na tano, ongeza saa nne na nusu, ni saa kumi na moja kasoro dakika tano. Katika miaka kumi alikuwa ametamka huo mwendo wa Doha mara elfu, kwa mdomo mwepesi, kuwachekesha watoto wa watu. Leo kila dakika yake ilimpita kooni kama mfupa wa samaki.

Ilipata saa nane, akaja msichana mmoja mwembamba, mweusi wa nchi tambarare, na shali ya kuazimwa. Hakuwa na msafiri pembeni. Aliomba koja moja, na ubani kama upo.

"Nani anaondoka?" aliuliza Devaki kwa mazoea.

"Haondoki mtu. Mume wangu anarudi." Msichana alitazama maua. "Yuko chini, kwenye mizigo."

Harkamaya aliacha kutunga. Devaki alichagua koja kubwa, akalifunga kwa jani, na hapo, badala ya kunyamaza, ulimi wake ukafanya kazi yake ya kila siku. "Aliondoka siku gani, mwanangu?"

"Jumanne, mama."

Huku kwetu Jumanne si siku ya kuanza safari ndefu. Devaki akapiga kidoko.

Hakukusudia. Alikuwa anafikiria mwanawe, na ulimi ulijipigia wenyewe. Lakini alimwona msichana akipokea ule mlio, akimeza mate, akiuweka mahali fulani ndani yake. Aliitwa Phulmati, alisema, na nyumbani kwao ni Bardiya. Alikuwa amekuja na shemeji na gari la kukodi, mwendo wa usiku na mchana.

"Anakuja na ndege gani?" aliuliza Harkamaya.

"Ya Doha. Ya saa kumi na moja jioni."

Devaki aliinuka bila kujua anakwenda wapi, akaketi tena. Ndege ile ile. Imeondoka saa ya Rahu, na maiti chini ya miguu ya mwanawe. Alitaka kumnyang'anya yule msichana koja, alitaka kumfukuza asimletee mkosi, na papo hapo akajionea haya mpaka masikio yakamwaka moto. Phulmati aliuliza kiasi gani. Devaki alikataa kupokea kitu, msichana akaondoka na koja lake kuelekea upande wa wanaowasili.

Saa kumi na nusu Devaki naye alikwenda upande huo, ambako hakuwa amekanyaga tangu siku ya Tilak. Harkamaya alimsindikiza, ameliacha gunia lake bila mlinzi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwenye harusi ya dada yake. Walisimama kwenye uzio na umati. Phulmati alikuwa hatua kumi kutoka pale, peke yake, kwani shemeji alikwenda kuhangaikia karatasi.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano ilifika. Ikapita. Angani hapakuwa na kitu ila moshi.

"Imechelewa kidogo," alisema Harkamaya. "Lini imewahi kufika kwa wakati?"

Ikawa saa kumi na moja na robo. Ikawa na nusu. Dereva mmoja wa teksi, mtu wa kujua kila kitu, alisema marubani hawaoni njia, kuna ndege nne zinazunguka juu ya Simara, moja imeshakatiza kwenda Kolkata. Mwingine akasema ile ya Doha haijulikani iliko. Alisema tu, kama watu wanavyosema wakiwa wamesimama muda mrefu, lakini Devaki alishika uzio kwa mikono miwili.

"Haijulikani iliko," alirudia.

"Huyo hajui hata gari lake limeegeshwa wapi," alisema Harkamaya. "Vuta pumzi, dada."

Hakuweza. Aliogopa waziwazi sasa. Alimwona Lokendra ndani ya moshi akizunguka milima asiyoiona, mafuta yakipungua, na huko chini kwenye mizigo yule mtu wa Bardiya amelala kimya. Alimwomba mungu Pashupatinath, kisha akamwomba Tilak, kisha, kwa kukosa wa kumwomba zaidi, akaanza kuomba dakika. Rudisha dakika, alisema. Zile ishirini na hizi za leo, zirudishe zote, nichukue mimi.

Alipogeuza uso alimkuta Phulmati anamtazama. Msichana alisogea. "Mama, na wewe unamngoja wa ndege hii?"

"Mwanangu."

"Yuko juu au chini?"

"Juu," alisema Devaki, na ilikuwa shida kulitamka neno hilo mbele yake.

"Basi itatua," alisema Phulmati. "Wangu hana haraka, lakini wako atakuwa na njaa."

Saa kumi na mbili na robo ndege ilisikika kabla ya kuonekana. Ilitokeza kwenye moshi chini kabisa, taa zikiwaka, ikapita juu ya vichwa vyao, na magurudumu yakagusa ardhi nyuma ya ukuta. Watu walipiga makofi. Devaki aliketi chini vumbini, palepale, akalia bila kujificha.

Lokendra alitoka baada ya dakika arobaini, mweusi, mwembamba, ana blanketi ndani ya mfuko wa plastiki na televisheni iliyofungwa kwa kamba. Devaki alimshika uso, mabega, mikono, kama anayenunua mbuzi. Akamvisha koja, likakwama kwenye sikio.

"Umeondoka saa ya Rahu," alimwambia. "Ni kosa langu. Sikukwambia saa ya wapi."

Lokendra alicheka. "Nimeondoka saa ya Rahu na watu mia na sabini, Mama. Wote wamefika."

"Mmoja hajafika."

Kicheko kilimkatika kijana. Alikuwa anajua, wote ndani ya ndege walijua. Na hapo, katikati ya matoroli na madereva, Devaki alisema lile ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka kumi: mtindi, shangazi, Tilak ameketi mlangoni, saa mbili na dakika ishirini. Alilisema haraka, akitazama viatu vya mwanawe. "Nilimchelewesha mimi. Ndiyo sababu."

Lokendra aliweka televisheni chini.

"Nimelala miaka mitatu chumba kimoja na mzee aliyekuwa akilala kitanda cha jirani na Baba," alisema. "Ameniambia yote. Ulikuwa mwezi wa Asar, joto la kule likiwa kileleni. Walikuwa juu ya paa tangu alfajiri, na mchana hawakushushwa. Jioni Baba akaingia, akanywa maji, akajilaza na viatu vyake. Asubuhi wakamwamsha, hakuamka. Ni joto, Mama. Joto na kazi, na hakuna wa kusema basi."

"Lakini zile dakika—"

"Mle chumbani tulikuwa wanane. Kila mmoja alitoka kwao saa njema, Mama. Kila mmoja ana mama mwenye mnajimu. Wawili walirudi chini."

Mtu angedhani Devaki angepata nafuu, na nafuu ilikuwapo, lakini nyuma yake lilikuja jambo jingine. Aliusikia tena ule mlio wa ulimi wake, wa saa nane mchana.

"Ngoja hapa," alisema, akamwachia Harkamaya mwanawe.

Lango la mizigo liko upande wa pili. Alikimbia kama hajakimbia tangu siku ya mtindi, ndala mkononi. Sanduku lilikuwa limeshafungwa juu ya gari, koja lake la maua ya chungwa likiwa juu yake, na dereva alikuwa amewasha injini kwa ile safari ya Bardiya. Phulmati alikuwa ameketi dirishani. Devaki aligonga kioo kwa kiganja mpaka kikashushwa.

"Mwanangu, nisikilize. Jumanne haikumuua mumeo. Nilipiga kidoko kwa ujinga wangu. Siku ile haikuwa na kosa, na wewe huna kosa. Usiondoke na neno langu."

Phulmati alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Alikuwa aondoke Jumatatu," alisema. "Mnajimu alimpa Jumatatu. Mtoto alikuwa na homa, nikamwomba alale nyumbani siku moja zaidi."

Devaki aliingiza mkono dirishani, akaushika mkono wake uliokuwa na harufu ya ubani.

"Basi ulipata siku moja zaidi," alisema.